Ihanda: gari likinyanyuliwa, mkono wake hulemewa

Kati ya Vwawa na Tunduma, kando ya barabara kuu iendayo Zambia, ndipo ilipo Ihanda, kata ya wilaya ya Mbozi. Lami ni ya malori. Usiku na mchana yanakwenda mpakani, mengine hadi Kongo. Lakini maisha ya wenyeji yako pembeni ya lami, kwenye njia za udongo zinazoingia kwenye mibuni na mashamba ya mahindi. Masika njia hizo huchimbika. Mvua ikikatika, makorongo hukauka yakawa magumu kama tofali hadi msimu wa kuvuna kahawa.

Ndiyo maana magari madogo ya huku yanatembea kifua juu. Toyota IST, gari la mitaa ya mjini, huwekewa spesa juu ya shokapu, likanyanyuka. Tumbo halikwaruzi tena mawe. Linabeba magunia, wanafunzi, wagonjwa na wajawazito wanaowahi hospitali Vwawa.

Nilimkuta fundi mmoja chini ya mparachichi akishughulikia gari la namna hiyo. Dereva alisema linagonga mbele kila likipita shimo, na usukani unavutia kushoto. Fundi hakugusa shokapu. Aliingiza mtaimbo kwenye mkono wa chini wa tairi, ambao mafundi wengi huuita wishiboni, akausukuma. Ukacheza.

Mkono huo ni kipande cha chuma kisichozidi sana urefu wa mkono wa mtu mzima kutoka kiwiko hadi vidole. Upande mmoja umefungwa chini ya gari kwa bushi mbili za mpira. Upande wa pili unashika tairi kwa boljointi. Gari likinyanyuliwa, bodi hupanda lakini tairi hubaki ardhini, hivyo mkono huinama kuliko ulivyoundwa. Bushi hujipinda muda wote, boljointi hufanya kazi karibu na ukomo wake, na vyote huisha mapema. Boljointi ikichomoka gari likiwa kwenye mwendo, tairi hulala na usukani hauna tena cha kuongoza.

“Kaka, niwekee wa kushoto tu,” dereva aliomba. “Wa kulia nitaleta mwisho wa mwezi. Kuna abiria wananisubiri.”

“Abiria gani?”

“Mama na mtoto, wanakwenda kliniki.”

“Basi subiri niweke yote miwili. Imetembea njia moja, imechoka pamoja.”

Dereva akampigia mwenye gari, wakabishana, wakakubaliana. Siku hiyo hesabu ya bosi haikutimia.

Fundi hakuiamini jeki peke yake. Kabla ya kuingia chini aliweka stendi mbili na kuzuia tairi za nyuma kwa mawe. Mikono mipya ilipoingia, bolti za bushi hakuzikaza kabisa. Alirudisha tairi, akateremsha gari likabeba uzito wake, ndipo akakaza. Zikikazwa mkono ukiwa unaning'inia, alieleza, mpira hubaki umejisokota na kuchanika baada ya muda mfupi. Kisha akamwagiza dereva apime alaimenti mjini kabla tairi hazijaliwa upande.

Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa vifo vya watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani. Sisi wa habari za afya huzihesabu zikishafika wodini. Pale Ihanda nusu siku ya kazi na vyuma viwili viliwekwa kati ya mtoto mmoja na hesabu hiyo.

Gari lililonyanyuliwa si dhambi. Bila hilo, vijiji vingi vingebaki na bodaboda tu. Ila linahitaji kukaguliwa mara nyingi zaidi. Kabla familia yako haijapanda, tazama tairi za mbele kama zimelika upande mmoja. Likianza safari, sikiliza kama linagonga. Ukiona au ukisikia, uliza. Kumuuliza dereva si kumdharau.