Ubao wa povu nilioubeba hadi Puge

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki mbili hivi. Sikuumwa, wala sijafukuzwa kazi (bado). Nilikuwa Puge kwa dada, kule katikati ya Nzega na Tabora, nikilipa deni la ndege.

Deni lenyewe liko hivi. Mwaka jana kwenye msiba wa bibi, mpwa wangu wa darasa la sita alinionyesha ndege aliyoitengeneza kwa mabua ya mtama. Nikatoa ahadi zile za wajomba wa mjini: nitakuletea vifaa vya kweli. Tangu hapo kila dada akipiga simu, sauti ya nyuma inauliza, "Mjomba anakuja lini?" Mimi ninayewabana waheshimiwa kwa ahadi zao nikawa najibu kama waheshimiwa wenyewe.

Basi bwana, likizo ikapatikana. Nikaenda duka moja hapa Dar kununua fomubodi, ule ubao wenye povu katikati na karatasi pande zote mbili, ambao wanafunzi wa usanifu majengo hutengenezea mifano ya nyumba. Unene milimita 5. Zilikuwepo aina mbili. Moja nyeupe, karatasi nyembamba, imepinda kidogo, bei chee. Nyingine nyeusi, ngumu, imenyooka kama meza. Mnajua nilichukua ipi.

Kwa anayejenga nyumba ya mfano, ugumu ni sifa. Kwa ndege, swali la kwanza ni uzito. Marekani wapenzi wa ndege hizi wanaupenda ubao mmoja wa bei rahisi wenye gramu 115 hivi kwa kipande cha sentimita 51 kwa 76. Mbao za kifahari hukaribia mara mbili ya hapo. Ndege yenye mabawa yaleyale ikiwa na uzito mara mbili, lazima iongeze mwendo kwa karibu asilimia 40 ili ibaki hewani. Na ikianguka, maana itaanguka tu, pigo lake lina nguvu mara nne. Haya nimeyasoma baada ya safari. Ndiyo tabia yetu waandishi, tunachapa kwanza, utafiti baadaye.

Dogo aliupokea ubao kwa mikono miwili, akaupimapima, akanyamaza. Kisha akasema taratibu, "Mjomba, si mzito huu?"

Nikacheka. Nikamwambia huo ni wa mjini. Nilisahau niko kwa akina nani. Hawa ndio Wanyamwezi waliobeba mizigo ya misafara karne ya 19, mtu mmoja na kilo 30 hivi begani, kutoka Unyanyembe hadi pwani. Mimi ni mjukuu wao niliyeharibiwa na daladala.

Tukajenga. Supa gluu yangu ikala povu, ikaacha mashimo kama ya jino bovu. Tukaomba gundi nyeupe ya mbao kwa fundi jirani, tukasubiri hadi kesho yake. Jumamosi tukaenda uwanja wa shule, watoto kama thelathini nyuma yetu. Nikarusha. Ilienda hatua tatu ikajikita chini, pua ikakunjika. Watoto wakacheka hadi wakakaa chini. Dogo hakucheka. Aliiokota bila kunitazama usoni, na hapo ndipo paliponiuma: mtoto alikuwa anaona aibu kwa niaba yangu.

Jioni akaniletea ndege yake ya mabua. Kule msibani niliisifia tu, sikuishika. Ganda la bua limechanwa kuwa vijiti. Ule moyo mweupe, laini, ndio unaounganisha. Vijiti vinachomekwa humo, hakuna gundi hata tone. Puani donge la udongo la kusawazisha. Moyo mwepesi, ganda gumu. Jamani, si ndiyo fomubodi hiyo, imeota shambani! Hata zile ndege zisizo na rubani za Zipline, zilizoanza kupeleka damu hospitalini Rwanda mwaka 2016, zilitengenezwa kwa akili hiyohiyo, mifupa ya nyuzi za kaboni na mwili wa povu.

Usiku mvua ikanyesha. Mabaki ya ubao nilikuwa nimeyaacha nje. Asubuhi karatasi imelowa, imevimba, nami nikataka kuyatupa. Dogo akayachukua, akaanza kuibandua karatasi polepole, upande mmoja, kisha wa pili. Likabaki povu tupu, jepesi, linanesanesa.

"Litavunjika hilo," nikasema.

Hakujibu. Akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na ganda la bua, akalibandika kwenye ukingo wa mbele wa bawa. Gundi ilipokauka akaniomba sarafu ya mia mbili ya kuweka puani. Tukaisogezasogeza hadi ndege ikatulia juu ya ncha za vidole, kwenye robo ya upana wa bawa kutoka mbele.

Safari hii alirusha yeye. Ikavuka ua, ikapita juu ya mbuzi wa jirani, ikatua kwenye matembele. Nilipiga kelele kuliko watoto wote. Nilipokumbuka simu ili nipige picha, ilikuwa imeshatua.

Juzi dada kapiga simu. Ile sauti ya nyuma haikuuliza nakuja lini. Ilisema, "Mwambie mjomba alete ile nyeupe, iliyopinda." Kesho nikitoka ofisini napitia dukani. Nimeazima mizani ya jikoni kwa jirani.