Mtu wa Mkuki

Yalikuwako magazeti ya picha yaliyosomwa sana katika Afrika ya Mashariki na ya Magharibi, tangu miaka ya 1960 hata mwanzo wa miaka ya 1970. Yalitolewa na kampuni ya Drum, na huku kwetu yaliitwa "Film." Shujaa wake alikuwa mpelelezi mweusi, jina lake Lance Spearman, na kwa kifupi "Spear," maana yake Mkuki. Picha zake hazikuchorwa kwa kalamu. Watu wenyewe walisimama mbele ya kamera wakaigiza, na maneno yao yakaandikwa juu ya picha kwa Kiingereza.

Magazeti hayo yalikoma kabla sijazaliwa. Niliyapata Nangara, katika sanduku la bati la mjomba wangu, aliyekuwa dereva wa gari la mizigo baina ya Arusha na Babati. Mjomba aliyapanga vema, la zamani chini na jipya juu. Basi nikaanza juu, nikateremka. Nilimjua Spear kwanza akiwa amekwisha kuwa mashuhuri, kisha nikarudi nyuma kidogo kidogo, nikasoma mambo aliyoyatenda zamani.

Mtu aweza kuuliza, Kuna raha gani kusoma hatari za mtu ambaye unajua hakika kwamba hatakufa? Nami nilijiuliza. Nilipomwona amefungwa kamba, nilijua kwamba magazeti yote niliyokwisha kuyasoma yamwonyesha mzima, na kofia yake ya ukili, na tai ya kipepeo, na sigara nene mdomoni (jambo ambalo mwalimu hawezi kulisifu). Walakini moyo ulinienda mbio. Nikatambua ya kuwa sikuhofia kifo chake; nilitaka kujua atazifunguaje kamba zile. Aliyenitia hofu hasa ni Lemmy, kijana mdogo aliyemsaidia, kwa kuwa nilimwona kama wa rika langu.

Jambo moja lilinisikitisha. Kwetu Babati mkuki ni mkuki; Wabarbaig hupita nao njiani wakichunga ng'ombe. Nami niliutafuta katika kila gazeti nisiuone. Alikuwa na bastola, na ngumi, na motokaa ya fahari, basi.

Nilipokuwa mtu mzima nilisoma habari za yule aliyeigiza. Jina lake Jore Mkwanazi, mtu wa Afrika ya Kusini. Kabla ya kupigwa picha hizo alikuwa mtumishi wa nyumbani, tena mpiga piano. Miaka ile sheria za ubaguzi zilimlazimisha kila Mwafrika mtu mzima wa nchi ile kuchukua kitabu cha pasi po pote aendapo, na mahali pengi pa starehe palikuwa pa wazungu peke yao. Katika picha, Spear huingia hoteli yo yote apendayo, na Kapteni Victor wa polisi humwita amsaidie. Nje ya picha, polisi aliweza kumsimamisha barabarani na kumwuliza pasi yake.

Likizo iliyofuata nililifungua tena sanduku, nikayatoa yale ya chini kabisa, nikautazama uso wake kwa muda mrefu. Nikamweleza mjomba niliyoyasoma. Alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba miaka hiyo yote hakuwahi kufikiri ya kuwa Spear alikuwa na jina jingine.