Kobe, kwa Muda Tu

Kobe alinikojolea siku ya kwanza. Nilimkuta kando ya mtaro, hatua chache kutoka geti la ploti yetu huku Rongai, asubuhi ya ile baridi ya Julai inayoingia mpaka kwenye meno. Nilipomwinua tu, akaachilia maji kwenye suruali yangu ya pekee iliyokuwa safi. Na hayakuwa kidogo. Soja alicheka mpaka akashikilia geti. Mimi nikamwita kobe jina ambalo mhariri atalitoa, kisha nikaingia naye ndani, kwa sababu boda zilikuwa zinapita pale kwa kasi na sikutaka kuja kusikia ule mlio.

Usiku, nikisoma kwa bando la mwisho, nikajua kwamba yale maji hayakuwa dharau. Kobe huweka akiba ya maji kwenye kibofu, kama sisi tunavyoweka mitungi chini ya kitanda wiki ambayo bomba limekauka. Akiogopa sana anaimwaga. Mtu akimwinua wakati wa kiangazi, hata kama ni kwa ajili ya picha moja tu, anaweza kumwacha bila tone la kumvusha hadi mvua.

Lakini asubuhi hiyo sikujua. Nilimwambia soja nitakaa naye kwa muda tu, mpaka mwenyewe apatikane.

"Sawa, binti," akasema, bado anacheka. "Kwa muda."

Hayo maneno nayajua vizuri. Hii bedsita ya 7,500 niliichukua kwa muda. Kazi ninayofanya niliianza kwa muda. Na chuo, ukimwuliza mathe wangu kule Kitale, atakwambia nimeacha kwa muda, kuna mambo madogo yanarekebishwa.

Kazi yenyewe, kwa wasioijua, ni kuwaandikia insha wanafunzi wa Marekani na Uingereza. Mwenye akaunti anapokea oda, anakurushia, unakesha, anakata yake, unapata yako. Nimeandika kuhusu uuguzi, maadili ya biashara, Vita vya Pili vya Dunia, na mara moja kuhusu umuhimu wa uaminifu katika masomo, naapa. Nikihesabu, nina digrii kama nne za watu wengine. Yangu niliiachia mwaka wa tatu, salio la ada likiwa 43,000 na mtihani ukiwa Jumatatu. Halafu ChatGPT ikaja, oda zikakauka, na ndiyo maana Julai hiyo nilikuwa mtu mwenye saa nyingi za kumtazama kobe.

Nilianza vibaya. Nilimlowekea mkate kwenye maziwa, kama paka. Akautazama, akanitazama, akaingiza kichwa ndani. Nikashuka kwa mama mboga kununua nyanya, nikamweleza.

"Mwanangu, maziwa ni ya nini? Huyo kwani ana mama?" Alilelewa Makueni na anasema wakati wa mvua walikuwa wakikutana nao shambani. "Huyo anakula nyasi. Nyasi tu. Mtoe kwa jua, mpe nyasi, achana na mambo ya kizungu."

Kwa hivyo nikawa mtu wa kukata nyasi. Saa moja asubuhi, na mimi ni mtu ambaye kwa mwaka mzima nilikuwa sioni saa moja asubuhi isipokuwa kama sijalala. Nilikuwa naenda nyuma ya ploti, mbali na barabara, kwa sababu za kando ya barabara zimejaa moshi na vumbi. Nilirudi na nyasi, mchunga kidogo, na maua ya haibiskasi yaliyochungulia nje ya ua wa jirani. Hayo maua aliyapenda. Anayakata kwa mdomo usio na jino hata moja, polepole, kama mtu anayesoma mkataba.

Jua lilikuwa shida zaidi. Kobe hana moto wake mwenyewe ndani, anauchukua nje. Baridi ikishika anazima kama laptopu iliyoisha chaji, na mara mbili niliamini amekufa. Mara ya pili nilishalia kidogo. Kwa hivyo nikawa nampandisha kwenye paa, orofa nne, ndani ya katoni ya mafuta ya kupikia, tunakaa pale kati ya nguo zilizoanikwa tukingoja mawingu yafunguke. Kuelekea saa tano, jua likitoka, kichwa kinatoka. Macho kwanza. Kisha mguu mmoja, kama anauliza kama kuna mtu. Ni pale juu nilipojua kwamba dada wa nyumba ya 14 ni muuguzi na wa nyumba ya 9 anaogopa kobe kuliko nyoka. Nilikuwa nimeishi nao mwaka na nusu.

Jina sikumpa. Kitu cha muda hakipewi jina.

Siku ya nne hivi, nikimwosha kwenye karai kwa maji ya vuguvugu, nikaona tundu. Lilikuwa nyuma ya gamba, ukingoni, mduara safi wa ukubwa wa msumari, na ndani yake kipande cha waya wenye kutu. Gamba lake lilikuwa zuri sana, njano yenye mabaka meusi, wale wanaoitwa kobe-chui, na pale ukingoni kuna tundu la mtu. Basi hakuwa wa porini. Alikuwa amefungwa mahali, na waya ukakatika.

Mimi nilidhani gamba ni kama nyumba anayobeba, ndivyo vitabu vya watoto vilivyotufundisha, kwamba akichoka anaweza kutoka. Hawezi. Uti wa mgongo na mbavu zimeungana na gamba lenyewe. Ni mifupa yake, na anahisi ukimgusa. Nilikaa pale bafuni nikiwa nimeweka kidole karibu na lile tundu, bila kuligusa.

Nikaweka picha kwenye grupu la WhatsApp la ploti. Wa kwanza akasema ni wake, lakini alipoulizwa alama akasema hana alama yoyote. Wa pili akauliza bei. Wa tatu akatuma sauti ya dakika mbili kuhusu supu ya kobe na kifua. Halafu yule muuguzi wa nyumba ya 14 akaweka habari ya wale vijana wawili Wabelgiji, wale waliokamatwa Naivasha mwaka wa 2025 na malkia wa chungu kama 5,000 ndani ya mirija ya maabara. Mahakama ikawapa faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, au miezi 12 ndani. Chini yake akaandika: "Nauliza tu."

Grupu likanyamaza. Mimi sikulala. Sheria ya wanyamapori ya 2013 haitaki ufuge mnyama wa porini bila kibali, nilishaisoma, tena niliwahi kuiandikia mtu insha na nikapata alama nzuri. Sasa kama chungu ni milioni, kobe ni ngapi?

Soja ndiye aliyefurahi. Ni mzee wa Kwale na ana methali ya kila kitu. "Ukimwona kobe kainama, anatunga sheria," akaniambia. "Huyu wako ashamaliza kuitunga, binti. Sasa anangoja ukamatwe."

Nilifikiria kumwachilia. Mbuga ya Nairobi iko hapo tu, ng'ambo ya Mto Mbagathi. Usiku ukiwa kimya, kuna watu wa upande huu wanasikia simba. Ningeshuka jioni na katoni, nimweke mahali penye kichaka, nirudi. Hakuna ambaye angejua. Niliweka hata viatu. Lakini nilikuwa nimeshasoma mno, hiyo ndiyo hasara ya kazi yangu. Kobe aliyeishi na watu anaweza kuwa na ugonjwa wa mapafu usioonekana, akawapelekea wenzake. Na ukimtupa mahali asipopajua, mara nyingi hatulii. Anatembea akitafuta alikozoea. Nikamwona akivuka Magadi Road saa mbili usiku, nganya zikishuka na taa za rangi zote. Nikavua viatu.

Mtoto alikuja Jumatano, akiwa na sare ya shule na soksi moja. Miaka tisa, labda kumi. Soja alimleta mpaka mlangoni.

"Anti, wamesema uko na kobe. Ako na shimo huku?" Akajishika kiunoni, kwa nyuma.

Nikafungua mlango wote.

Aliingia akapiga magoti mbele ya katoni bila kuniuliza, akakwaruza gamba katikati na kucha, na yule kobe, ambaye mimi nilimpandisha orofa nne kila siku na bado alikuwa ananifichia kichwa, akanyoosha shingo yote.

"Anaitwa Nganya," akasema. "Juu ya spidi."

Wakati huo ndipo nilipopata hadithi, vipande vipande, kwa sababu alikuwa akiongea na kobe zaidi ya mimi. Nganya alikuwa wa nyanyake kabla ya kuwa wao. Walikaa nyumba yenye mpera uani, mtaa wa nyuma. Baba alitoboa gamba kwa drili ili wamfunge kwa mpera asipotee, na yeye mtoto alilia lakini akaambiwa kobe haskii. Mwezi wa tano mwenye nyumba aliweka kufuli. Wakahamia Kware kwa shangazi, chumba kimoja, watu saba. Kobe akabaki kwa mpera.

"Baba alisema tunamwacha kwa muda," akasema. "Tukipata nyumba tunamrudia."

Sikusema kitu.

"Wewe utakaa na yeye mpaka lini?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Nilikuwa nimelitumia kwa soja, kwa grupu, kwa kila mtu. Nililimeza, nikamwambia sijui, nikampa chai na kipande cha mkate, na alipoondoka kabla ya giza nikapiga simu KWS.

Nilikuwa nimejiandaa kwa pingu. Mwanamke aliyepokea akauliza niko wapi, kobe ana ukubwa gani, kama anatokwa na kamasi puani, kisha akaniambia nisimpeleke popote, watakuja. Niliuliza kuhusu faini. Akasema, "Madam, wewe ndiye umetupigia." Ni hilo tu.

Walikuja Ijumaa jioni na gari la kijani, na ploti nzima ikatoka, wengine wakiwa wameshika simu tayari kunirekodi nikikamatwa. Mtoto alikuwepo; nilikuwa nimemtumia ujumbe kupitia mama mboga, ambaye anajua watu wote wa Rongai. Alikuja na haibiskasi mfuko mzima.

Afisa alimwinua Nganya kwa mikono miwili, chini chini, taratibu, na Nganya hakukojoa. Akatazama pua, macho, lile tundu. Akalitazama kwa muda mrefu. Kisha akatazama gamba la tumbo.

"Huyu ni jike," akasema. Kwa dume, gamba la tumbo huwa limebonyea; la huyu lilikuwa bapa kama sahani.

Mtoto akashtuka kuliko alivyoshtuka kwa kitu kingine chochote siku hiyo. "Nganya ni msichana?"

Akauliza atapelekwa wapi. Afisa hakumdanganya. Alisema kwanza atakaa peke yake waone kama ni mgonjwa, baada ya hapo wataamua, na kwamba porini si lazima aweze tena. Mtoto akaitikia kwa kichwa kama mtu mzima, akaweka maua kwenye kreti, moja moja, akihakikisha hayamfuniki macho. Babake hakutajwa na mtu yeyote. Nilikuwa nimeamua siku ile ya simu kwamba kama wangeniuliza ni nani alitoboa, ningesema simjui, na kwa kweli simjui.

Afisa akafungua kitabu.

"Umekaa naye kwa muda gani?"

"Siku 19."

Akaandika 19. Nikatia sahihi.

Jumapili mathe alipiga simu, saa kumi, baada ya kanisa, kama kawaida. Nilimweleza habari ya kobe kwa sababu nilikuwa bado naamka saa moja na sina nyasi za kukata. Alicheka pale pa mkojo. Alinyamaza pale pa tundu. Kisha akauliza swali la kila Jumapili.

"Na chuo? Wamesema mnafungua lini?"

Kwa huo muda wote nilikuwa nimempa mgomo wa wahadhiri (huo ulikuwa wa kweli), alama zilizopotea, karatasi ya kurudia, mfumo wa kompyuta. Nilikuwa kwenye paa. Kulikuwa na shuka la mtu linapigwa na upepo karibu na sikio langu.

"Mama, mimi niliacha chuo."

"Uliacha tangu lini?"

"Miaka miwili na miezi minne."

Nilisikia akivuta kiti. Mathe anauza mitumba. Najua ni robota ngapi za sweta alizouza ili ile pesa ya mwisho ipatikane, kwa sababu aliniambia siku aliyoituma.

"Na ile elfu ishirini ya ada?"

"Nilinunua laptopu. Hii ninafanyia kazi."

Shuka likapiga, likatulia, likapiga tena. Niliangalia simu kuona kama imekatika. Haikuwa imekatika.

"Bado inawaka?" akauliza.

"Inawaka, Mama."