Jina la Tairi pale Kamalondo



Jumapili iliyopita nilitoka soko la Kenya kwa miguu mpaka Kamalondo, nikimshika mkono mjukuu wangu wa miaka 9. Siku ya mechi balabala ile inajaa nguo nyeusi na nyeupe. Moshi wa michopo unakufikia kabla hujaona uwanja, na wauza munkoyo wanaita kila upande. Tulipofika kwenye ukuta, mtoto aliona mamba mwenye mpira kinywani akauliza: "Nkambo, hii timu nani aliipa jina?"

Nilimwambia kwamba Mazembe si jina lake la kwanza. Timu ilianzishwa mwaka 1939 na mapadri Wabenedikto, ikawa ya Mtakatifu Georges. Baadaye ikaitwa Englebert. Huyo si mtakatifu wala mfalme: ni tairi! Kiwanda chake kilikuwa Liège, Ubelgiji. Kampuni ilisaidia timu, na timu ikabeba jina la kampuni. Baadaye wakaongeza mbele yake Tout Puissant, Mwenye Nguvu Zote. Kwa hiyo kombe la mabingwa wa Afrika la 1967 na la 1968 lilikuja Lubumbashi kwa jina la tairi, na baba zetu waliliimba mpaka sauti zikakauka.

Tairi hizo hizo zilikuwa chini ya magari ya mbio ya Ferrari. Mwaka 1956 Juan Manuel Fangio alizitumia akawa bingwa wa dunia. Tarehe 12 Mei 1957, katika mbio za Mille Miglia huko Italia, zilizokimbiwa kwenye barabara za kawaida za watu, tairi ya gari la Alfonso de Portago ilipasuka karibu na Guidizzolo. Alikufa yeye, alikufa mwenzake garini, wakafa na watu 9 waliosimama kando kutazama. Kati yao 5 walikuwa watoto. Enzo Ferrari alishtakiwa, kesi ikaenda miaka, mwishoni akaachiliwa. Nafikiri sana juu ya mama za wale watoto. Jina walilolisikia mahakamani ndilo baba zetu walilokuwa wakiliimba huku kwa furaha.

Mjukuu sikumwambia hiyo sehemu.

Majina yanahama, tunajua. Mji wetu wenyewe ulikuwa Élisabethville, kwa heshima ya malkia wa Wabeligiji, mpaka 1966. Lakini jina la malkia halikulipiwa kwa mwaka. La kampuni linalipiwa, na feza ikikatika, linaondoka. Kule Austria kuna uwanja wa mbio za magari ulioitwa Österreichring, kisha kampuni ya simu ikaugeuza A1-Ring, na tangu 2011 ni Red Bull Ring, jina la kinywaji cha kopo. Mtoto aliyezaliwa pembeni yake anaweza kutaja majina matatu ya mahali pamoja kabla hajaolewa.

Nasema haya juu ya barua iliyo mezani petu. Muuza pombe mmoja anataka kusawazisha kiwanja cha binti zetu na kuwapa jezi. Naye anataka kiwanja kiitwe kwa jina la bia yake miaka 10, na bango lisimame mlangoni. Bamama wengine wanasema tukubali tu: watoto wanacheza juu ya mawe, na mwezi uliopita mmoja alishonwa goti. Wana haki. Tangu wanawake wa Mazembe walete kombe la Afrika kutoka Morocco mwaka 2024, hakuna binti mtaani anayetaka kubaki ndani.

Mimi mawazo yangu ni haya: jezi tupokee, kwa misimu miwili, kwa maandishi, na jina liwe la duka lake, si la chupa. Kiwanja kibaki na jina ambalo mtoto wa miaka 9 akiliuliza, nitamjibu mpaka mwisho bila kuruka sehemu. Mama mweka hazina hakubaliani nami hata kidogo, na atasema yake.

Kikao ni Jumamosi saa nane, kwenye lupangu la mama mwenyekiti. Barua ina kurasa 4 za Kifaransa, tutaisoma mstari kwa mstari. Anayesoma vizuri aje na miwani yake.