Fushimi, Mji wa Pombe ya Mchele

Katika nchi ya Japani, upande wa kusini wa mji wa Kyoto, kuna mtaa mkubwa uitwao Fushimi, na sifa yake ni maji na pombe. Mtawala Toyotomi Hideyoshi alijenga ngome yake hapo katika miaka ya 1590, na kwa muda mrefu mashua zilipita mtoni zikichukua mchele na pombe baina ya Fushimi na Osaka. Leo msafiri atembeaye kandokando ya mfereji huona maghala marefu ya zamani, na mbele ya milango ya watengenezaji hutundikwa tufe kubwa la majani ya mti uitwao sugi. Likiwa bado bichi, pombe ya mwaka huo ni mpya. Likigeuka kuwa la kahawia, watu hujua kwamba pombe imekomaa.

Pombe yenyewe huitwa sake. Mkulima wa kwetu ajua kwamba wimbi huloweshwa likachipua, likawa kimea, na kimea ndicho kigeuzacho wanga kuwa sukari. Wajapani hawatumii kimea. Huupika mchele kwa mvuke, kisha huunyunyizia mbegu za kuvu iitwayo koji, na kuuweka katika chumba chenye joto kwa muda wa siku mbili hivi. Baada ya hapo hutiwa pipani pamoja na maji, hamira na mchele mwingine uliopikwa. Humo wanga hugeuka kuwa sukari, na sukari kuwa kileo, yote mawili kwa wakati mmoja. Sake iuzwayo kwa kawaida huwa na kileo sehemu 15 hivi katika 100, yaani mara tatu ya bia ya kawaida.

Mchele huo hukobolewa sana, kwa kuwa mafuta yaliyo nje ya punje huharibu ladha. Kwa sake ya daraja iitwayo ginjo, sehemu ibakiyo ya punje haizidi 60 katika 100. Kwa daiginjo haizidi 50. Maji nayo huchaguliwa kwa uangalifu. Kisima cha hekalu la Gokonomiya, lililo hapo Fushimi, kilitiwa na serikali mwaka 1985 katika orodha ya maji bora 100 ya nchi hiyo.

Tena yafaa wakulima wajue ni akina nani waliofanya kazi hii. Zamani pombe ilipikwa wakati wa baridi, mashamba yalipolala chini ya theluji. Wakulima wa Tanba, Nanbu na Echigo waliacha nyumba zao, wakaenda kufanya kazi maghalani chini ya fundi mkuu aitwaye toji, wakarudi na fedha majira ya kupanda. Siku hizi wakulima wa namna hiyo wamepungua, na viwanda vingi vimeajiri watu wa kudumu.

Katika vilabu vyao, viitwavyo izakaya, ni nadra mtu kunywa bila kula. Kwanza huletwa maharage mabichi ya soya yaliyochemshwa na kutiwa chumvi, kisha vipande vya samaki mbichi, mishikaki ya kuku, tofu, na mboga zilizotiwa chumvi. Vitoweo hivyo huitwa sakana. Na kwa kuwa samaki ndiye aliyekuwa kitoweo kikuu cha pombe, neno hilo likawa ndilo jina la samaki. Kwa desturi wali huja mwisho, unywaji ukiisha. Wala si adabu mtu kujijazia kikombe chake. Humjazia mwenzake, naye mwenzake humjazia yeye. Sheria ni kali pia: asiyefika miaka 20 haruhusiwi kunywa, na tangu mwaka 2007 ampaye dereva pombe naye huadhibiwa.

Lakini mkulima mwenyewe alinyimwa ruhusa ya kupika. Mwaka 1899 serikali ilikataza pombe ya nyumbani, maana kodi ya pombe ilikuwa nguzo kubwa ya hazina. Doburoku, pombe nzito isiyochujwa ambayo kaya nyingi za vijijini zilijipikia, ikawa kosa la jinai. Baada ya miaka zaidi ya 100, kuanzia mwaka 2003, sehemu maalumu zilitengwa ambamo wakulima walimao mpunga wao na kupokea wageni nyumbani waweza kupata leseni ya kuipika. Wa Tono, katika mkoa wa Iwate, walikuwa miongoni mwa wa kwanza.

Mwaka 2024 UNESCO iliitia kazi ya kupika kwa koji katika orodha ya urithi wa wanadamu. Hiyo ni heshima kubwa, ingawa Wajapani wenyewe wanakunywa sake kidogo kuliko miaka ya 1970. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone; na katika vijiji vile, ambavyo vijana wengi wamevihama, leseni ya doburoku imempa mkulima jambo la kumwitia mgeni, na bei ya mpunga wake iliyo bora kuliko ya gunia.