Siku Mbili Kando ya Ndiva

Mimi ni Bwana Shamba hapa Same. Desemba iliyopita nilipumzika Jumamosi na Jumapili. Mpwa wangu ana Land Rover ya zamani. Ametoa viti vya nyuma na kuweka godoro. Tulipakia unga, maharage na jiko la mkaa, tukaondoka asubuhi.

Mji wetu uko chini ya Milima ya Upare. Upande huu mvua ni chache. Lakini ukitazama juu unaona misitu ya Shengena. Kilele chake kina zaidi ya meta 2,400. Mito yetu huanzia huko milimani.

Tulifuata barabara kuu mpaka Makanya. Mto ulikuwa mchanga mtupu. Mvua kubwa ikinyesha milimani, mafuriko hushuka, na wakulima wa Makanya huyaelekeza mashambani. Mvua ikiisha, mto hukauka.

Tuliacha barabara kuu, tukapanda hadi Bangalala. Huko tuliona ndiva. Ndiva ni bwawa dogo la kuhifadhi maji. Wazee wetu walizijenga kwa mawe na udongo. Siku hizi baadhi zimejengewa kwa saruji.

Kwa nini watu hujenga ndiva? Maji kidogo yakipita mferejini, udongo huyanywa njiani. Yakikusanywa kwanza, hutoka kwa nguvu na kufika mbali. Mchana watu wa juu, huko Vudee, hutumia maji ya mto. Usiku huyaacha yashuke, na ndiva za chini hujaa. Asubuhi lango hufunguliwa. Kila mkulima hupata maji kwa zamu yake.

Jioni tulisimamisha gari karibu na ndiva, tukapika ugali. Mzee mmoja alikuja kukaa nasi. Zamu yake ilikuwa kesho. Mahindi yake yalikuwa yakitoa mbelewele.

Saa tatu usiku ndiva ilikuwa bado tupu.

"Bwana Shamba," alisema mzee, "wewe unajua. Nikikosa maji kesho, nitavuna nini?"

Nilijua. Mahindi yakikosa maji wakati wa kutoa mbelewele na ndevu, magunzi hubaki na punje chache. Mvua ya baadaye haiwezi kurudisha hasara hiyo.

Tulichukua tochi, tukafuata mfereji kwenda juu. Tulitembea karibu saa nzima. Tukakuta mfereji umezibwa kwa mawe na majani ya migomba. Maji yote yalikuwa yakiingia katika shamba la miwa. Mzee hakusema neno. Aliinama, akatoa mawe moja moja. Tulirudi tukisikia maji yakitangulia mbele yetu.

Asubuhi mzee alisema twende kwa mwenye miwa. Alitupokea vizuri. Alituletea dengelua, pombe yetu ya miwa, katika kibuyu. Ilikuwa tamu. Mzee hakuigusa.

"Ni mimi niliyeziba," alisema yule ndugu. "Pombe hii inalipa sare na madaftari ya watoto. Miwa yangu nayo inakauka."

Maneno yake yalikuwa ya kweli. Lakini muwa hukaa shambani mwaka mzima au zaidi, na wakati wote huo unahitaji maji. Mahindi ya muda mfupi hukomaa kwa miezi mitatu hivi. Nilimshauri apunguze eneo la miwa, afunike udongo kwa majani makavu ili unyevu usipotee, na aombe zamu kama wengine.

Mzee alisema, "Omba zamu mwanangu, utapewa. Lakini usiku ule ungekuwa wa mtoto wangu kulala njaa."

Yule ndugu alinyamaza kwa muda. Kisha akasema atakuja kwenye msaragambo wa kusafisha mfereji, na huko ataomba zamu mbele ya watu wote. Ndipo mzee akanyosha mkono, akapokea kibuyu.

Tulipokuwa tukishuka, lango la ndiva lilikuwa wazi. Mzee alikuwa ndani ya mahindi, jembe mkononi, akiongoza maji mstari kwa mstari.

Ndugu msomaji, je, kijijini kwenu maji yana zamu? Nani hulinda mfereji usiku? Zungumzeni jambo hili kabla ya kiangazi.