Dahab: Pwani ambako watu wazima hufundishwa upya kupumua

MSWAHILI akifika Dahab hahitaji mkalimani wa kumweleza maana ya jina la mji huo. Dahab ni dhahabu. Akitega sikio sokoni atasikia na mengine anayoyajua: bahari wanaiita bahr, hewa ni hawa, na chai inayoletwa mezani ikiwa na majani ya nanaa ni shai.

Mji wenyewe uko Misri, katika rasi ya Sinai, ukingoni mwa Ghuba ya Akaba, ambayo ni tawi la Bahari ya Shamu. Nyuma yake imesimama milima mikavu isiyo na mti. Mbele yake ni maji ya samawati, na ng'ambo, siku isiyo na vumbi, huonekana milima ya Saudi Arabia. Hapo zamani palikuwa makao ya Wabedui waliovua samaki na kufuga mbuzi na ngamia. Israeli iliteka Sinai mwaka 1967, na sehemu hii ikarudi mikononi mwa Misri mwaka 1982. Siku hizi ufuo umejaa mikahawa, vyumba vya wageni na maduka ya kukodisha vyombo vya kupigia mbizi, ingawa mbuzi bado wanapita vichochoroni katika mtaa wa Assala.

Wakenya wengi wanaijua Sinai kwa sababu ya Biblia, kwamba ndiko Musa alikopewa amri kumi. Wapiga mbizi wa dunia nzima wanaijua kwa jambo jingine. Hapa bahari huanza kuwa na kina kirefu hatua chache tu kutoka nchi kavu. Hapahitajiki mashua. Mwanafunzi huvaa vyombo vyake kando ya mkahawa, akavuka njia ya waenda kwa miguu, akaingia majini. Maji ni maangavu, na hata katika miezi ya baridi hayashuki sana chini ya nyuzi 21. Ndiyo maana Dahab imekuwa shule, na somo moja gumu linalofundishwa hapa ni kutumia mtambo wanaouita ribritha.

Pumzi isiyotupwa

Kwa kawaida mpiga mbizi hubeba mgongoni mtungi wa hewa iliyoshindiliwa. Huvuta pumzi kutoka mtungini na kuitoa majini, nayo hupanda juu kama mapovu. Huo ni ubadhirifu mkubwa. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21 hivi, na ile tunayotoa bado ina asilimia 16 au 17. Mwili umechukua robo tu ya oksijeni, iliyosalia imetupwa.

Kadiri mtu anavyozama ndivyo hasara inavyozidi. Kwenye kina cha mita 10, shinikizo ni maradufu ya lile la ufuoni. Kwenye mita 30 ni mara nne. Mtungi ambao ungemtosha mtu saa nzima akiwa juu humalizika kwa robo saa huko chini.

Ribritha haitupi kitu. Pumzi inayotoka mdomoni hupita katika bomba hadi kwenye kopo lenye chembechembe za chokaa maalumu, ambayo huinasa kaboni dioksidi. Vipimo vitatu huangalia kiasi cha oksijeni kilichobaki, na kompyuta hufungulia kidogo kutoka kwa mtungi mdogo wa oksijeni ili kufidia iliyotumiwa na mwili. Kisha pumzi ile ile hurudi mdomoni. Mtungi wa pili mdogo huwa na hewa ya kawaida, au mchanganyiko mwingine kwa wanaokwenda kina kirefu. Mitungi hiyo miwili, kila mmoja wa lita mbili au tatu, humtosha mtu saa mbili na zaidi, awe kwenye mita tano au mita 30.

Zaidi ya hayo kuna kimya. Mapovu ya mpiga mbizi wa kawaida hunguruma masikioni mwake na kufukuza samaki. Mwenye ribritha husikia mlio mdogo wa valvu ya oksijeni ikifunguka, na mipasuko midogo midogo ya viumbe wa matumbawe. Samaki ambao humkimbia mtu mwingine humsogelea yeye kana kwamba ni mwenzao.

Wazo hili si geni. Mwingereza Henry Fleuss alitengeneza chombo cha namna hiyo katika miaka ya 1870. Mwaka 1880 mpiga mbizi Alexander Lambert alikivaa akaingia katika njia ya reli iliyokuwa ikichimbwa chini ya mto Severn, ambayo ilikuwa imefurika, akaufunga mlango wa chuma gizani. Hapo hapo Misri, usiku wa kuamkia Desemba 19, 1941, Waitaliano sita waliingia katika bandari ya Alexandria wakipumua oksijeni kwa vyombo visivyotoa mapovu. Walitega mabomu chini ya manowari mbili kubwa za Uingereza, Queen Elizabeth na Valiant, nazo zikakaa kitako katika sakafu ya bandari. Miaka michache baada ya vita, Mwaustria Hans Hass alileta vyombo kama hivyo Bahari ya Shamu, upande wa Sudan, lakini yeye alikuja kupiga picha za papa.

Hatari isiyobisha hodi

Kama chombo ni kizuri namna hiyo, mbona si kila mpiga mbizi anakivaa? Bei ni sababu moja. Si ajabu mtambo mpya kugharimu zaidi ya shilingi milioni moja za Kenya. Sababu ya pili ni nzito kuliko fedha.

Mtu akizibwa pua na mdomo huhangaika akitafuta pumzi. Wengi wetu hudhani mwili unalilia oksijeni. Sivyo. Kinachomhangaisha zaidi ni kaboni dioksidi inayojaa damuni. Ribritha huiondoa kaboni dioksidi hiyo. Basi oksijeni ikipungua, pengine kwa sababu mtungi haukufunguliwa au kipimo kimekufa, mpiga mbizi hasikii dhiki yoyote. Hupumua kwa raha, moyo umetulia, na kabla hajafikiri jambo la pili fahamu zimemtoka.

Oksijeni ikizidi nayo huwa sumu. Kwenye shinikizo kubwa huweza kuleta degedege, na mwenye degedege majini hukiachia kipande cha mdomoni akanywa maji. Chokaa ikichoka au ikipakiwa vibaya, kaboni dioksidi hurudi kichwani pamoja na maumivu, kuhema na kuchanganyikiwa. Maji yakipenya ndani ya chokaa, hutoka uji mkali unaounguza mdomo na koo. Aliyewahi kulamba magadi na aikumbuke ladha ile, kisha aizidishe mara nyingi.

Mtungi wa kawaida una heri ya kutoa taarifa. Ukikaribia kuisha, pumzi huwa nzito kuvuta na mwenyewe akajua mambo yameharibika. Ribritha haina taarifa ya aina hiyo. Kimya kile kile kinachowavuta samaki ndicho kinachoificha hatari.

Darasa la Lighthouse

Kwa hivyo mafunzo ya Dahab huanza juu ya meza, wala si majini. Saa mbili asubuhi mwanafunzi hukaa na karatasi yenye orodha ndefu. Hupakia chokaa akiligongagonga kopo taratibu ili pasibaki mwanya. Hupima mitungi yote miwili na kuandika. Hupuliza mabomba kuona kama yanavuja, kisha huyanyonya kuona kama yanaingiza hewa. Akishamaliza huketi, akafunga pua na kupumua kwa mtambo dakika tano nzima huku macho yake yakiwa kwenye vipimo. Majirani mkahawani wanakunywa chai na kumtazama kama mtu aliyepatwa na jambo. Haruhusiwi kuruka hata mstari mmoja wa orodha hiyo, awe ameupitia mara ngapi. Haraka haraka haina baraka.

Mbizi za kwanza hufanyiwa mahali panapoitwa Lighthouse, katikati ya mji, penye mteremko wa mchanga. Hapo mpiga mbizi hodari huvunjika moyo kidogo. Aliyezoea mtungi wa kawaida amejifunza kupanda na kushuka kwa mapafu yake: akivuta pumzi nyingi huelea juu, akiitoa hushuka. Kwa ribritha hila hiyo haipo, maana hewa hutoka mapafuni na kuingia katika mifuko ya mtambo, na uzito wake majini haubadiliki. Mtu mwenye mbizi mia moja hujikuta akipanda na kushuka kama mtoto aliyetupwa bwawani kwa mara ya kwanza.

Kisha huja zoezi linalorudiwa mpaka mwanafunzi aliote. Mwalimu humwonyesha kibao kilichoandikwa kwamba oksijeni imeshuka, au kompyuta imezimika, au vipimo viwili vinasema hivi na cha tatu kinasema vingine. Wakati mwingine humwuliza kwa ishara ya kidole tu: kipimo chako kinasema nini? Asiyejua jibu papo hapo amekosa, hata kama anapumua vizuri. Kila mara hubeba ubavuni mtungi wa kawaida, na hufundishwa kuuacha mtambo na kuhamia mtungi huo pindi anapotia shaka, kisha kupanda taratibu. Hakuna mwalimu wa maana anayemcheka aliyehama bila sababu.

Hilo ndilo somo lenyewe, nalo ni gumu kwa binadamu yeyote. Tangu utotoni tunajipima kwa tunavyojisikia. Mwenye ribritha anatakiwa aache kuuamini mwili wake unaomwambia kwamba yote ni salama, na aamini namba ndogo mbele ya macho yake. Na namba zikitofautiana asiamini hata hizo, bali aondoke. Kozi ya kwanza huchukua siku tano hivi au zaidi, na anayefaulu huruhusiwa kwenda mita 40 tu.

Majina ukutani

Wanafunzi wengi hupelekwa pia mahali panapoitwa Blue Hole, yaani Shimo la Buluu, kilomita chache kaskazini mwa mji kwa njia ya vumbi. Ni kisima cha bahari kilicho karibu kabisa na ufuo, chenye kina cha zaidi ya mita 90. Chini yake, kwenye mita 55 hivi, kuna tao la mwamba linalofungua njia kuelekea bahari kuu. Mwangaza unaopita humo huonekana karibu, kumbe ni mbali. Wengi walijaribu kulipita kwa mtungi mmoja wa hewa ya kawaida. Kwenye kina kile naitrojeni hulewesha kama pombe, na hewa huisha kabla ya mtu kung'amua.

Juu ya maji, kwenye ubavu wa mlima, pana vibao vya kumbukumbu vilivyowekwa na jamaa na marafiki wa waliofia pale. Wengi walikuwa vijana. Ngamia hupita karibu wakiwapeleka watalii Ras Abu Galum, na watoto wa Kibedui huuza bangili za nyuzi. Mwanafunzi aliyebeba ribritha husimama na kusoma majina hayo. Ni kweli kwamba wataalamu wenye mitambo kama huo na mchanganyiko wa gesi ufaao hulipita tao lile na kurudi salama. Ni kweli pia kwamba mtambo haujui kama aliyeuvaa amefuata orodha asubuhi. Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Kwa msomaji anayetamani

Usianzie Dahab. Hakuna anayefundishwa ribritha kabla hajapata cheti cha mpiga mbizi wa kawaida na kuwa na mbizi za kutosha katika daftari lake. Hayo yote yanaweza kupatikana kwetu, Watamu, Malindi au Diani, mahali penye matumbawe ambayo wageni hulipa nauli kubwa kuja kuyaona. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zimelindwa tangu mwaka 1968.

Ukishakuwa tayari, safari ni ya ndege kutoka Nairobi hadi Cairo, halafu ndege nyingine hadi Sharm el-Sheikh, na mwendo wa gari wa saa moja na ushei hadi Dahab. Kutoka Cairo kuna pia basi linalopita chini ya Mfereji wa Suez, lakini ni safari ya kutwa nzima, na vizuizi vya askari njiani ni vingi. Beba pasipoti mahali unapoweza kuifikia.

Jambo la mwisho ni la wale watakaotaka kuunganisha mbizi na kuhiji. Mlima Musa una urefu wa mita 2,285. Aliyetoka majini bado ana gesi mwilini, na akipanda juu upesi, iwe kwa ndege au kwa miguu, gesi hiyo huweza kufanya mapovu damuni na kumlemaza. Panda mlima kwanza, halafu uteremke baharini. Kama umetangulia baharini, pumzika siku nzima kabla ya mlima au ndege. Dahab si mahali pabaya pa kungojea: chai ipo, mikeka ipo chini ya mitende, na jioni milima ya ng'ambo hugeuka rangi ya waridi.